Kutuma, Kukabidhi na Kufikisha: Istilahi za Barua Pepe Zipitiazo Seva ya Kati

Makala haya yanahusu njia moja ya kupeleka barua pepe ambayo wengi wetu hatuioni, ijapokuwa twapokea matunda yake kila siku. Taarifa ya malipo ifikayo usiku wa manane, tangazo la chuo lipelekwalo kwa waombaji mia tatu kwa mara moja, onyo kwamba diski ya kompyuta inakaribia kujaa: hizi aghalabu haziandikwi na mtu aliyefungua programu ya barua na kubonyeza kitufe. Hutolewa kwa amri fupi iliyoandikwa katika mstari wa amri, au iliyowekwa ndani ya faili ili kompyuta iitekeleze yenyewe kila ifikapo saa fulani. Kisha hupitia seva moja ya kati kabla ya kutoka nje ya ofisi. Watafsiri wa miongozo ya kazi hiyo, walimu wanaoifundisha na maofisa wanaoitegemea wote hukutana na tatizo moja la lugha. Si tatizo la maneno mageni, kwa kuwa seva, programu na faili yamekwisha kupata makao. Linalotatiza ni kitenzi chetu wenyewe, tena chepesi kuliko vyote, nacho ni kutuma.

Tuanze na kisa tulichokishuhudia. Taasisi moja ilitaka kuwaita waombaji wa kazi kwenye usaili wa siku ya Alhamisi. Jumatatu asubuhi karani wa kompyuta alipanga anwani zao katika faili, akaiamuru mashine impelekee kila mmoja barua. Mashine haikulalamika. Mwongozo wa Kiswahili aliokuwa nao, ambao sisi tulishiriki kuutafsiri, ulisema hivi: "Amri ikimalizika bila kosa, barua imetumwa." Karani akamwarifu mkuu wake kwamba barua zote zimetumwa, na mkuu akaandika katika jalada kwamba waombaji wamearifiwa. Alhamisi walifika watu wawili tu, ambao kwa bahati walikuwa wamepigiwa simu kwa shauri jingine. Kumbe wiki iliyotangulia seva ya kati ilikuwa imehamishiwa anwani nyingine, na mashine ya karani haikuwa imebadilishwa ielekee huko. Barua zote zilikuwa zimekaa katika foleni ya mashine ileile, zikingoja. Jumamosi, siku tano zilipotimia, mashine ilikata tamaa, ikazirudisha katika sanduku la barua la msimamizi wa mashine, sanduku ambalo hapakuwa na mtu aliyezoea kulifungua.

Kosa la kuhamisha seva bila kutoa habari ni la mafundi. Lakini mafundi hawakuandika neno "imetumwa". Hilo tuliliandika sisi.

Ili kuonyesha neno lipi lingefaa, hapana budi tuifuate barua hatua kwa hatua. Katika mashine za jamii ya Unix, mtu huandika amri kama hii: mail -s "YAH: USAILI" ikifuatiwa na anwani ya mpokeaji. Kiungo -s hutangulia maneno ya kichwa cha barua, yaani yale ambayo katika barua za serikali huandikwa baada ya "Yah:". (Tunashangaa kwamba miongozo mingi hutafuta neno jipya kwa jambo hili, hali kila karani analo tayari.) Kisha huandika maneno ya barua, na kuyafunga kwa mstari wenye nukta moja peke yake. Programu hiyo ya mail haina uwezo wa kuisafirisha barua. Kazi yake ni kuyakusanya maneno, kuyawekea kichwa, na kuyakabidhi kwa programu nyingine iliyomo katika mashine hiyohiyo.

Programu hii ya pili ndiyo tunayopendekeza iitwe programu tarishi. Tarishi wa ofisi si mwandishi wa barua wala si msomaji wake. Yeye huchukua bahasha zilizofungwa, huenda nazo zinakoelekezwa, akikuta mlango umefungwa hurudi nazo na kujaribu tena baadaye. Programu hizi hufanya hivyo hasa. Iliyojulikana sana ni Sendmail, iliyotungwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyingine ni Postfix, iliyotungwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998. Nayo hubeba ndani yake amri yenye jina la sendmail, ili programu za zamani zilizozoea kumwita tarishi wa kwanza kwa jina zisipotee njia. Wapo waliotafsiri jina la programu ya aina hii kuwa "wakala wa uhamishaji wa barua". Tafsiri hiyo si kosa, ila hakuna atakayeitamka mara mbili katika somo moja.

Tarishi wa mashine ndogo angeweza, kwa nadharia, kuipeleka kila barua moja kwa moja hadi kwenye seva ya mpokeaji. Zamani ndivyo ilivyofanywa. Siku hizi milango mingi imefungwa. Makampuni ya mawasiliano aghalabu huzuia mlango namba 25, ambao ndio wa barua, kwa kompyuta za watu wa kawaida. Na seva zipokeazo huikagua anwani ya kila mashine inayobisha hodi, zikitazama kama mwenye jina la mtandao ameitaja mashine hiyo katika orodha yake ya mashine zilizoruhusiwa kutoa barua kwa jina lake. Kompyuta ya karani haimo katika orodha hiyo, na haifai iwemo. Kwa hiyo huelekezwa kwenye seva moja ya kati. Katika Postfix agizo hilo ni mstari mmoja tu, relayhost, ukifuatiwa na jina la seva. Jina hilo likizungushiwa mabano ya mraba, tarishi huambiwa aende kwenye mashine hiyohiyo iliyotajwa, bila kuuliza kwanza kama iko nyingine inayopokea barua kwa niaba yake. Mtafsiri anayeyaondoa mabano hayo akidhani ni pambo la uchapaji ameibadilisha amri. Kwa kawaida mashine hubisha mlango namba 587, uliotengwa kwa barua zinazoanza safari, ikaonyesha jina na nenosiri, na mazungumzo yao hufungwa kwa usimbaji ili mpita njia asiyasikilize.

Seva hii ya kati tuiite nini? Mapendekezo tunayoyajua ni mengi. "Seva kuu" yapendeza sikioni, lakini "kuu" hutaja cheo, na seva hii haina cheo juu ya nyingine. Katika vitabu vya Sendmail inaitwa kwa jina ambalo likitafsiriwa neno kwa neno huwa "mwenyeji mwerevu", na tumeyaona maneno hayo yamechapwa bila aibu. Maana ya asili ilikuwa kwamba mashine ndogo haizijui njia za nje, nayo humpelekea barua yule anayezijua. Kwa kweli, mtu akitafakari, nusu ya tafsiri hiyo ina hekima isiyokusudiwa: mwenyeji kwetu ni yule anayewajua watu na njia za mji, na mgeni humtegemea. Lakini "mwerevu" hutia doa, maana werevu aghalabu una harufu ya ujanja.

Kwa maofisa wa serikali mfano ulio karibu zaidi ni masijala. Barua haitoki idarani ikaenda nje kwa miguu yake. Hupitia masijala, ikaandikwa katika daftari la barua zitokazo, ndipo ikapelekwa. Mfano huu hufaa sana darasani, nasi tumeutumia. Hata hivyo hatuupendekezi uwe istilahi, kwa sababu masijala hutunza nakala katika jalada, na seva ya kati kwa desturi haitunzi. Ikishaitoa barua, hubakiwa na mistari michache tu ya daftari: saa, namba ya barua, anwani ya mwanzo, anwani ya mwisho, na jibu lililotolewa na seva iliyofuata. Ofisa atakayedhani kwamba nakala ipo huko atakuja kuitafuta siku ya kesi, na hataipata.

Neno tunalolipendelea limekwisha kutumika viwanjani. Katika mbio za kupokezana vijiti, mkimbiaji hachukui kijiti hadi mwisho. Humpokeza mwenziwe, na tangu hapo shughuli si yake. Kwa hiyo tendo zima tunaliita kupokezana barua, na seva ya namna hii ni seva ya kupokezea. "Seva pokezi" ni fupi zaidi, lakini msomaji ataichukua kuwa ni seva inayopokea tu, kama vile mpokezi wa wageni, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Pakihitajika kutaja mahali pake katika ofisi, tuseme seva ya kati. Pakihitajika kutaja kazi yake, tuseme seva ya kupokezea. Seva inayompokezea mtu yeyote bila kumwuliza jina tuiite seva iliyo wazi. Hizo ndizo wazipendazo watapakazaji wa barua taka, nazo huingizwa upesi katika orodha za kukataliwa, pamoja na barua halali za wenyewe.

Sasa tusikilize mazungumzo ya tarishi na seva, kwa kuwa ndipo penye kiini cha shauri letu. Kanuni zake ziliandikwa na Jonathan Postel na kutolewa mwezi Agosti mwaka 1982. Zimerekebishwa mwaka 2001 na tena 2008, lakini mazungumzo yamebaki karibu yaleyale. Seva hufungua kwa namba 220, kana kwamba inasema karibu. Tarishi hujitaja jina. Kisha husema MAIL FROM, akataja anwani. Seva ikikubali hujibu 250. Husema RCPT TO, akataja anwani ya mpokeaji, mara nyingi kadiri wapokeaji walivyo. Kila mmoja hujibiwa peke yake. Husema DATA, seva hujibu 354, yaani leta. Ndipo barua yenyewe inaposomwa yote, na mwisho wake hutiwa nukta peke yake katika mstari. (Kama barua ina mstari unaoanza kwa nukta, tarishi huongeza nukta ya pili na mpokeaji huiondoa, ili barua isikatwe njiani.) Baada ya nukta hiyo ya mwisho hutokea kimya kifupi, seva inapoiweka barua katika diski yake. Kisha hujibu 250.

Jibu hilo la 250 baada ya nukta si salamu. Kwa mujibu wa kanuni, seva iliyolitoa imechukua dhima ya barua: ama itaifikisha mbele, ama itamrudishia habari aliyeileta kwamba imeshindikana. Kabla ya jibu hilo dhima ni ya tarishi; baada yake ni ya seva. Lugha ya ofisi zetu ina neno kamili kwa tendo hilo, nalo ni kukabidhi. Mtu anayehama kazi huandika hati ya makabidhiano, na tangu inapotiwa sahihi, kikipotea kitu anaulizwa aliyepokea. Basi barua iliyopata 250 haikufika, wala haitoshi kusema imetumwa, imekabidhiwa. Daftari la Postfix huandika hapo neno moja la Kiingereza, sent, na watafsiri hulifuata kwa utiifu. Sisi twaona kwamba Kiingereza chenyewe hakikutosheka hapo, na hatulazimiki kurithi upungufu wake.

Kutuma, katika Kiswahili cha siku zote, ni kumwagiza mtu aende. Twasema "nimemtuma mtoto dukani" hali mtoto bado anatafuta viatu vyake uani. Kitenzi hicho kinahusu mwanzo wa safari na nia ya mwenye kuagiza. Juu ya mwisho wake hakisemi lolote. Hatupendekezi kitupwe. Kibaki mahali pake, yaani kwa tendo la mtu: karani ametuma barua. Ila mashine inapotoa taarifa juu ya hali ya barua, lisitumike. Barua iliyomo katika foleni ya mashine iko foleni. Iliyopokewa na seva ya kupokezea imekabidhiwa. Iliyowekwa katika sanduku la mpokeaji imefikishwa. Kama imesomwa, hilo halimo katika daftari lolote kati ya hayo, kwa maana sanduku lina pembe ya barua taka ambako nyingi huzikwa zikiwa hai.

Majibu mabaya nayo yanahitaji uangalifu. Namba inayoanza kwa 4 maana yake ni kwamba haiwezekani sasa, jaribu tena. Inayoanza kwa 5 maana yake haiwezekani kabisa. Tumeona ya kwanza ikitafsiriwa "kosa la muda", na msomaji akadhani saa ya kompyuta imeharibika. Tunapendekeza imeahirishwa na imekataliwa. Tofauti hii si ya wanasarufi tu: barua iliyoahirishwa hurudi foleni na kujaribiwa tena na tena, katika Postfix kwa siku tano kama haikuagizwa vingine, na muda wote huo karani haambiwi kitu asipokuwa ameomba aonywe. Barua iliyorudi kwa aliyeitoa imerudishwa. Wako waliosema "imedunda", kwa kuufuata mpira wa Kiingereza. Posta zetu zimekuwa zikirudisha barua kwa miaka mingi bila kuidundisha hata moja.

Limesalia jambo la bahasha, ambalo ndilo lililozipeleka barua za kisa chetu kwenye sanduku lisilofunguliwa. Anwani inayotajwa katika MAIL FROM iko juu ya bahasha. Anwani anayoiona msomaji, juu ya maneno ya barua, imo ndani ya barua. Seva haifungui barua ili kujua iende wapi. Husoma bahasha tu, na ikishindwa huirudisha kwa anwani ya bahasha. Ndiyo sababu nakala ya siri huwezekana: jina la mpokeaji liko juu ya bahasha yake, lakini ndani ya barua halimo. Katika barua za usaili, ndani paliandikwa jina la mkuu wa taasisi. Juu ya bahasha, kwa kuwa hakuna aliyeamuru vingine, mashine iliandika jina la msimamizi wake yenyewe. Mwongozo wetu uliziita anwani zote mbili "mtumaji". Tunapendekeza ile ya ndani iitwe anwani ya mwandishi, na ile ya bahasha anwani ya kurudishia. Walimu watusaidie kutuambia kama wanafunzi wanazitofautisha bila kuchorewa.

Mwongozo ule tumekwisha kuurekebisha, na sentensi moja imekuwa nne. Sasa wasomeka hivi: "Amri ikimalizika bila kosa, barua iko katika foleni ya mashine hii. Andika mailq kuitazama foleni. Foleni ikiwa tupu, soma daftari la barua uone kama imekabidhiwa seva ya kati au imerudishwa. Kujua kama imefikishwa, mwulize msimamizi wa seva ya kati, ukimtajia namba ya barua iliyo katika jibu la 250." Mchapaji amelalamika kwamba ukurasa umejaa, na ametutaka tuondoe sentensi ya mwisho. Tumemwomba apunguze ukubwa wa herufi.